Kuhara, matandiko mabichi na miguu laini: pale kimeng'enya kinaposaidia na pale kisiposaidia

Ukiingia bandani asubuhi ukakuta matandiko yameshikana kama udongo wa mfinyanzi, au vitoto vya nguruwe vimelowa mkiani siku ya tano tangu viachishwe kunyonya, usikimbilie pakiti ya vimeng'enya. Tazama kinyesi kwanza, kisha fungua gunia la chakula, kisha kagua maji. Kimeng'enya kina zamu yake, na mara nyingi zamu hiyo si ya kwanza.

Kimeng'enya ni protini yenye kazi moja: kukata kitu fulani na si kingine. Faitezi hukata faiteti, umbo ambalo mmea huhifadhia fosforasi ndani ya pumba na mashudu. Zailanezi hukata nyuzi za pumba za ngano na za mahindi. Mananezi hukata nyuzi za mashudu ya nazi. Kitu chenyewe kisipokuwemo kwenye chakula, unga huo huingia mdomoni na kutoka nyuma bila kufanya lolote. Kwenye pakiti majina yameandikwa kwa Kiingereza na huishia na herufi tatu, -ase. Soma jina kamili kabla ya kulipa, kwa sababu maneno "vimeng'enya mchanganyiko" peke yake hayakuambii unanunua nini.

Ukanda wa Tanga na Bagamoyo una malighafi zake za bei nafuu: mashudu ya nazi, pumba za mpunga za Mombo na za bonde la Ruvu, makopa ya muhogo, dagaa wa baharini. Hizo ndizo zinazookoa gharama ya chakula, na hizohizo ndizo chanzo cha nusu ya matatizo yaliyoandikwa hapa chini.

Dalili zisizongoja

Damu kwenye kinyesi cha vifaranga wa wiki 3 hadi 6, mabawa yameshuka, manyoya yamesimama: hiyo ni koksidiosi, ugonjwa wa kimelea cha utumbo, mpaka ithibitike vinginevyo. Ukimpasua aliyekufa utakuta vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vimejaa damu. Dawa yake ni amproliamu. Kwa unga wenye amproliamu asilimia 20, kipimo cha kawaida ni gramu 6 kwa ndoo ya lita 10 za maji, siku 5 hadi 7. Lebo ikisema tofauti, fuata lebo. Siku hizo ondoa vitamini zenye B1 kwenye maji. Amproliamu hufanya kazi kwa kumnyima kimelea B1, na ukiichanganya na vitamini hiyo unamlisha unayetaka kumuua.

Shingo kupinda, kinyesi cha kijani na vifo vingi kwa mpigo ni mdondo. Kinyesi cheupe cha majimaji, vifaranga wamezubaa na kutetemeka, nao wana wiki 3 hadi 6: fikiria Gumboro. Magonjwa haya mawili yana chanjo tu, hayana dawa, na hakuna chakula kitakachoyarudisha nyuma.

Kwa nguruwe, homa kali, ngozi kuwa nyekundu au ya zambarau masikioni na tumboni, na wakubwa kwa wadogo kufa ndani ya siku chache, yote hayo yanaelekeza kwenye homa ya nguruwe ya Afrika. Haina tiba. Usipasue mzoga, usiuze nyama, usihamishe mnyama yeyote. Mwite daktari wa mifugo wa wilaya siku hiyohiyo.

Matandiko yamelowa, kinyesi kinanata

Tenganisha mambo mawili kwanza. Kuku mzima hutoa kinyesi cha aina mbili: kile kigumu chenye kofia nyeupe, na mara chache kwa siku kingine cha kahawia kinachonata na kunuka zaidi. Hicho cha pili hutoka kwenye vile vifuko viwili na ni cha kawaida. Wengi hununua dawa kwa sababu yake.

Kama ubichi uko chini ya vyombo vya maji tu, tatizo ni chombo. Kinyanyue mpaka ukingo wake ulingane na mgongo wa kifaranga, uone siku mbili. Kama banda zima limelowa, pima maji wanayokunywa dhidi ya chakula wanachokula. Kuku hunywa karibu lita 2 kwa kila kilo ya chakula, na wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, huvuka hapo kwa ajili ya joto bila kuwa wagonjwa. Lakini wakifika lita 3 na zaidi katika siku ya kawaida, tafuta chumvi.

Na hapa pwani chumvi haiko mbali. Dagaa wengi wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Tuseme dagaa wako wana chumvi asilimia 5: kilo 10 kwenye mchanganyiko wa kilo 100 tayari zimeleta nusu kilo ya chumvi, wakati mchanganyiko mzima unahitaji gramu 300 hivi. Ukiongeza chumvi ya mezani kwa kufuata karatasi ya fomula uliyopewa na mtu anayetumia dagaa wa ziwani, umepita mara mbili na nusu. Onja dagaa kwa ulimi. Wakiwa na chumvi ya kitoweo, usiongeze chumvi hata gramu moja, na wapunguze hadi kilo 5, au waoshe na kuwaanika upya kabla ya kusaga, huku pengo la protini likijazwa na soya iliyoiva. Ukiwa hapo chukua kijiko cha unga wao, ukoroge kwenye glasi ya maji, usubiri kidogo. Kinachozama kwanza kisugue kati ya vidole: kikikwaruza ni mchanga wa ufukweni, nao umeununua kwa bei ya protini.

Chumvi ikiwa sawa, nenda kwenye mashudu ya nazi. Jaza kikombe nusu kwa mashudu makavu, mimina maji mpaka juu, uache nusu saa. Utaona mashudu yamevimba, maji yamenywewa, na kijiko kinasimama. Hivyohivyo ndivyo inavyokuwa ndani ya utumbo wa kifaranga mwenye siku 10: anashiba kabla hajapata lishe, na nyuzi zile hupita na maji yake hadi chini. Kwa vifaranga chini ya wiki 4 usivuke kilo 5 za mashudu ya nazi katika kilo 100. Kwa wanaokua, kilo 10. Ukitaka kufika hizo 10 na zaidi, ndipo mananezi inapolipa gharama yake. Chini ya kilo 5 haina kitu cha kutosha cha kukata.

Pumba za ngano husumbua kwa njia nyingine. Sehemu ya nyuzi zake huyeyuka na kufanya uteute kama mlenda. Katika ute huo vimeng'enya vya mwilini mwa kuku havifiki kwenye mafuta na protini, chakula kisichomeng'enywa hushuka chini, na huko bakteria wa klostridia hujilisha na kuzaana. Kinyesi hunata, hunuka kuliko kawaida, na mara nyingine huwa na povu. Hapa zailanezi ni jibu la kweli. Kwenye chakula cha mahindi na soya pekee uteute huo ni mdogo, kwa hiyo usitarajie maajabu kutoka kwa zailanezi.

Pumba za mpunga hudanganya kwa jina. Kuna pumba laini za kukoboa, zenye mafuta na lishe, na kuna maganda. Mashine nyingi hutoa vyote kwa pamoja. Sugua kiasi kwenye kiganja: kinachochoma ni ganda, na ganda limejaa silika ambayo kimeng'enya chochote kile hakiigusi. Mahali pake ni sakafuni kama matandiko. Pumba laini nazo huchacha haraka baada ya kukobolewa, ndani ya siku chache kwenye joto letu. Zikinuka kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa, vifaranga watazikataa au watahara. Nunua za kutumia wiki moja, usinunue za kutumia mwezi.

Punje zinatoka kama zilivyoingia

Kimeng'enya hakitafuni. Vipande vya mahindi vikionekana kwenye kinyesi cha vifaranga, uliza mwenye mashine ametumia chekeche la tundu gani. Kwa vifaranga na vitoto vya nguruwe milimita 2 hadi 3 zinatosha. Usidai unga laini kabisa: firigisi ya kuku hulegea ikikosa cha kusaga, na nguruwe hupata vidonda tumboni.

Kisha uliza kuhusu soya. Soya mbichi ina vizuizi vinavyofunga tripsini, kimeng'enya cha mwili chenye kazi ya kuvunja protini. Kongosho hulazimika kutengeneza zaidi na zaidi mpaka livimbe, vifaranga hula vizuri huku hawakui, na ukipasua mmoja utaona kongosho kubwa kuliko la wenzake. Hakuna kimeng'enya cha pakiti kinachofidia hilo, moto ndio dawa. Chemsha soya dakika 30 tangu maji yatokote, mwaga maji, anika, saga. Ukinunua iliyokwisha kusagwa na muuzaji akasema ni ya kukaangwa, mjaribu kwa mbolea ya yurea: kijiko cha unga wa soya, kijiko cha yurea, maji kidogo, vyote kwenye chupa yenye kifuniko. Baada ya dakika 20 fungua, unuse. Harufu kali ya amonia, ile ya mkojo uliokaa, maana yake soya bado ni mbichi. Chupa hiyo na vilivyomo tupa mbali na mifugo.

Miguu laini, mdomo unapinda

Kifaranga anakaa chini, anatembea kama anayekanyaga makaa, na ukibonyeza mdomo wake wa juu unapinda kama mpira. Mifupa haikujengeka. Wauzaji wengi watakupa faitezi au chokaa, na chokaa ndiyo mara nyingi iliyoanzisha tatizo.

Hesabu yake hii hapa. Kwa chakula cha vifaranga chotara, mchanganyiko wa kilo 100 wenye dagaa kilo 10, DCP (unga wa madini ya kalisi na fosforasi) kilo 1 na chokaa kilo 1 unatoa kalisi ya karibu asilimia 1: dagaa 0.4, chokaa 0.38, DCP 0.23. Inatosha. Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa kilo 8 au 9. Anayechanganya aina moja kwa kuku wote ili kurahisisha kazi huwapa vifaranga kalisi zaidi ya mara tatu ya hitaji lao. Figo huelemewa, kinyesi kinakuwa cheupe cha majimaji, na kalisi iliyozidi huishika faiteti na kuifanya ngumu zaidi kukatika. Chokaa pia huzima tindikali ya tumboni, nayo faitezi hufanya kazi vizuri penye tindikali. Ndiyo maana mtu anaweza kuweka kimeng'enya kizuri, kwa kipimo sahihi, na bado miguu ikapinda.

Chokaa ikishasahihishwa, faitezi ni kati ya vimeng'enya vyenye faida ya uhakika kwetu, kwa kuwa pumba na mashudu vimejaa faiteti. Kipimo kinachotumika sana ni uniti 500 kwa kilo ya chakula, uniti zinazoandikwa FTU. Bidhaa yenye uniti 5,000 kwa gramu inahitaji gramu 10 katika kilo 100. Yenye 10,000, gramu 5. Kiasi hicho huachia fosforasi takribani gramu 1 kwa kila kilo ya chakula, sawa na iliyomo kwenye nusu kilo ya DCP kwa mchanganyiko mzima. Basi DCP iondolewe nusu kilo, isiondolewe yote. Na kama vifaranga wanakaa ndani muda wote bila jua, hakikisha pirimiksi yako (mchanganyiko wa vitamini na madini) ina vitamini D3 na haijapitwa na tarehe, maana bila D3 kalisi haiingii mwilini hata ukiipima kwa mzani wa dhahabu.

Vitoto vya nguruwe vinahara

Umri ndio utakaokuonyesha sababu. Siku 1 hadi 4: baridi, maziwa ya kwanza yasiyotosha, bakteria wa E. koli. Siku 5 hadi 15, uharo wa rangi ya njano kama uji mzito, bila damu, na sindano ya antibayotiki haibadilishi kitu: koksidia ya nguruwe, na dawa yake ni toltrazuri kwa maelekezo ya daktari. Katika umri huo wote kitoto kinaishi kwa maziwa, na vimeng'enya vya chakula havina nafasi.

Uharo wa siku 3 hadi 10 baada ya kuachishwa ndio unaogusa mada yetu. Utumbo wa kitoto huzaliwa na uwezo mkubwa wa kuvunja sukari ya maziwa na uwezo mdogo sana wa kuvunja wanga wa mahindi. Uwezo huo wa pili hukua taratibu, na hukua haraka zaidi pale kitoto kinapoonja chakula kikavu mapema. Siku ya kuachishwa kikinyimwa mama, kikahamishwa banda na kuchanganywa na wageni, hakili kwa siku moja au mbili. Vile vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza lishe husinyaa kwa njaa hiyo. Kikishapata njaa kali kinavamia chakula, kinakula kwa pupa, protini inashuka bila kumeng'enywa, na E. koli wanapata karamu.

Kwa hiyo mkazo ni kula kidogo bila kukatiza. Anza kuwawekea chakula cha kuonja siku ya 10 hadi 14 ya umri, konzi moja safi kila asubuhi, kilichobaki mpe mama. Siku ya kuachishwa muondoe mama, vitoto vibaki banda lilelile. Kwa walioachishwa wakiwa na wiki 6 hadi 8, anza na gramu 150 hadi 200 kwa kichwa kwa siku, zigawe mara 4 au 5. Kinyesi kikiwa kigumu, ongeza gramu 50 kila siku. Kikilainika, rudi hatua moja. Wiki hiyo na nusu ya kwanza protini ikae karibu asilimia 18, kwani ya juu zaidi huwalisha bakteria. Chokaa iwe ya chini kwa sababu ileile ya tindikali. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi hupita chini ya mlango usiku, na kitoto kinachotetemeka kitahara hata kwa chakula bora. Ziba upande wa kusini kwa magunia na weka nyasi kavu.

Protiezi, kimeng'enya cha kukata protini, na zailanezi husaidia kipindi hiki iwapo chakula kina soya na pumba nyingi. Huchangia, haziwezi kubeba peke yake banda lenye baridi na maji machafu. Kilichokwisha kuanza kuhara kipe maji ya lita 1 yenye vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko bapa, siku nzima. Kikilegea au kikikataa kunywa, mwite daktari. Oksaidi ya zinki ya kipimo cha juu ilitumika sana Ulaya kwa tatizo hili, lakini Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2022 kwa sababu ya uchafuzi wa udongo. Anayekushauri uimwage kwenye chakula bila kupima anakupa ushauri uliopitwa na wakati.

Maganda ya mananasi, ambayo Kiwangwa hayakosekani, yana bromelaini, kimeng'enya cha kweli cha kukata protini. Hata hivyo huwezi kujua kiasi kilichomo, na ganda bichi ni maji matupu na tindikali. Wape nguruwe waliokwisha kukomaa utumbo, si walioachishwa juzi.

Kimeng'enya kimewekwa, hakuna kilichobadilika

Anza na joto. Kimeng'enya ni protini, na protini huharibika ikipikwa. Wanaopika uji wa muhogo au pumba kwa nguruwe wakakoroga unga wa kimeng'enya sufuriani wameutupa. Subiri uji upoe mpaka kidole kikae ndani bila kuungua, ndipo uweke. Anayetengeneza chakula cha punje kwa mashine ya mvuke anunue aina iliyofunikwa kustahimili joto, na lebo iseme hivyo.

Unyevu wa pwani nao hula pakiti polepole. Unga ulioshikana madonge umepoteza nguvu. Uhifadhi kwenye kopo linalofunga, kivulini, mbali na bati, na usinunue wa kutumia zaidi ya miezi 3. Usiuchanganye na pirimiksi ukauweka: madini na kolini vilivyomo huuharibu. Vikutane siku ya kuchanganya chakula tu.

Kisha namna ya kuchanganya. Gramu 10 zikirushwa juu ya kilo 100 kwa mkono, kuku mmoja atapata za wenzake hamsini. Pima kwa mzani mdogo wa gramu. Changanya hizo 10 na nusu kilo ya unga wa mahindi uliochekechwa, kwenye beseni, mpaka hazionekani tena. Mimina kwenye kilo 5, geuza. Kilo 5 hizo zisambaze juu ya chakula chote kilichotandazwa kwenye turubai, kisha hamisha rundo kwa koleo kutoka upande mmoja kwenda mwingine mara 4.

Yote hayo yakiwa sawa, shuku mahindi. Sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, huumiza ini na utumbo, hudumaza, na hakuna kati ya vimeng'enya vilivyotajwa hapa kinachoiondoa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kabla ya kununua gunia, tia mahindi robo ya chupa kavu ya kioo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika 2 au 3. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi na ukungu utaota ghalani. Yaliyokwisha kuota ukungu usiyapepete ukayalisha.

Kujua kama pakiti inalipa, gawa vifaranga 50 wa siku moja makundi mawili ya 25, banda moja, kizuizi katikati, chakula kilekile, kimoja na kimeng'enya na kingine bila. Andika kilo za chakula kila unapoongeza. Kila siku ya saba wapime wote kwa ndoo, alfajiri kabla ya kulisha, maana gole lililojaa huongeza gramu zisizo za mwili. Gawa chakula kilicholiwa kwa uzito ulioongezeka. Baada ya wiki 4, kundi lenye kimeng'enya likiwa limetumia gramu 100 pungufu za chakula kwa kila kilo ya uzito, zidisha pungufu hilo kwa bei ya chakula chako, kisha linganisha na gharama ya kimeng'enya kilichotumika kwa kilo hiyohiyo.